Kabrasha la hukumu za ndoa kutoka steshenari ya karibu na chuo, Dodoma: lina thamani, lakini ukurasa wa 88 usomwe pamoja na masahihisho yake

Kabrasha hili nililinunua kwa shilingi 16,000 katika steshenari moja iliyo njiani kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma, na nimekaa nalo wiki tatu kabla ya kuandika lolote. Lina kurasa 146 zilizofungwa kwa spirali nyeusi, na jalada lake halina jina la mwandishi wala la mchapaji, isipokuwa maneno matatu tu: Hukumu za Ndoa. Sitaitaja steshenari yenyewe kwa jina, kwa sababu kasoro nitakazozieleza zinarekebishika, na wanaosoma sheria hapa mjini wataitambua bila mimi kuwaelekeza.

Ninafundisha sheria za familia kwa wanafunzi wa stashahada. Kila mwaka tukifika kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachoitafsiri ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu kwa muda wa maisha yao, mkono mmoja huinuka nyuma ya darasa. Swali huwa ni lile lile kwa sura tofauti: ilikuwaje majimbo ya Marekani yakapiga kura kuzuia ndoa za jinsia moja, kisha mahakama ikaziruhusu? Na Kenya je, imefikia wapi? Majibu ambayo wanafunzi wamekwisha kuyabeba kutoka vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp huwa na uhakika mkubwa na makosa makubwa. Kitabu cha Kiswahili cha kumpa mwanafunzi wa namna hiyo sikuwa nacho. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, nimekuwa nikitafuta maandishi yanayoeleza hoja nzito za katiba kwa maneno ambayo wakili kijana atayatumia atakaposimama mbele ya hakimu, na ndiyo maana nilipoliona kabrasha hili juu ya kaunta, kati ya rimu za karatasi na maboksi ya kalamu, nililichukua kabla ya kuuliza bei.

Kijana anayehudumia mashine ya fotokopi aliligeuza jalada likatazama chini kabla ya kulitia mfukoni. "Shikamoo mwalimu," alisema kwa sauti ya chini, "hili wengine hawapendi lionekane." Niliitikia marahaba, nikamwomba aliache lilivyo. Hukumu zilizotolewa hadharani, na sheria zilizojadiliwa mabungeni mbele ya kamera, hazina sababu ya kubebwa kama bidhaa ya magendo.

Kurasa 60 za mwanzo zinahusu Marekani, na ndizo zilizonifanya nisijutie fedha yangu. Mwandishi ameanzia Hawaii mwaka 1993, ambako Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema kwamba kuwanyima watu wa jinsia moja leseni ya ndoa ni ubaguzi unaohitaji utetezi mzito, kisha akaonyesha jinsi hofu ilivyosambaa katika majimbo mengine kwamba yangelazimika kuzitambua ndoa zitakazofungwa huko. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa Sheria ya Kulinda Ndoa, ambayo Rais Bill Clinton aliitia saini Septemba 21, 1996 baada ya kupita kwa kura 342 dhidi ya 67 katika Baraza la Wawakilishi na 85 dhidi ya 14 katika Seneti. Sheria hiyo ilikuwa na makali mawili: iliyaruhusu majimbo kutozitambua ndoa hizo za majimbo mengine, na iliitafsiri ndoa, kwa shughuli zote za serikali ya shirikisho, kuwa ya mume na mke. Kabrasha linayatenganisha makali hayo mawili kwa uangalifu ambao sijauona katika maelezo mengi ninayoyasikia, na utengano huo ndio unaomwezesha msomaji kuelewa kwa nini baadaye kali moja lilikatwa miaka miwili kabla ya jingine.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni ile inayojibu kwa nini majimbo hayakuridhika na sheria za kawaida, yakakimbilia kubadili katiba zao. Mahakama ya juu ya Massachusetts ilipoziruhusu ndoa hizo mwaka 2003, na leseni za kwanza kutolewa Mei 17, 2004, wanasiasa wa majimbo mengine waliona kwamba mahakama ya jimbo ikiitumia katiba ya jimbo inaweza kuifuta sheria iliyotungwa na bunge la jimbo, lakini haiwezi kirahisi kukifuta kifungu kilichoandikwa ndani ya katiba yenyewe. Kwa hiyo Novemba 2004 majimbo 11 yalipiga kura ya maoni siku moja ya uchaguzi, na katika yote 11 marufuku ilipita. Pendekezo la kuibadili Katiba ya Marekani yenyewe liliwekwa mbele ya Seneti mwaka 2004 na tena mwaka 2006, likakwama mara zote mbili. Nimewasomesha wanafunzi wangu aya hiyo ya mpangilio wa ngazi, yaani sheria ya jimbo, katiba ya jimbo, sheria ya shirikisho na Katiba ya shirikisho, na kwa mara ya kwanza walijua wenyewe, kabla sijawaambia, ni ngazi ipi ingebaki kuwa mwamuzi wa mwisho.

California imepewa kurasa tisa, na inastahili hata zaidi. Mei 2008 Mahakama ya Juu ya jimbo ilifungua mlango, na wapenzi wapatao jozi 18,000 wakafunga ndoa kabla ya Novemba 4, siku ambayo wapiga kura kwa takriban asilimia 52 waliufunga tena kwa kubadili katiba ya jimbo. Mwaka 2010 Jaji Vaughn Walker wa mahakama ya shirikisho akaibatilisha marufuku hiyo. Viongozi wa jimbo walikataa kuitetea katika rufaa, na walioianzisha kampeni wakajitokeza kuitetea wao. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba raia hao hawakuwa na haki ya kukata rufaa kwa niaba ya jimbo, na shauri likaishia hapo bila swali kubwa kujibiwa. Mwanafunzi anayedhani kwamba shauri la katiba hushinda au kushindwa kwa ukubwa wa hoja peke yake anapaswa kuisoma sehemu hii mara mbili, kwa kuwa ataona jinsi swali dogo la nani ana haki ya kusimama mahakamani linavyoweza kuamua hatima ya mamilioni ya watu.

Baada ya hapo zinafuata hukumu mbili kubwa, na mwandishi amejua kuanzia kwa watu kabla ya kufika kwenye ibara. Edith Windsor wa New York alidaiwa kodi ya mirathi ya dola 363,053 mwenzi wake alipofariki mwaka 2009, kodi ambayo mjane wa ndoa ya mume na mke asingetozwa. Juni 26, 2013, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ya Marekani iliukata ule upande wa sheria ya mwaka 1996 ulioitafsiri ndoa kwa shughuli za shirikisho. Jim Obergefell alimpeleka John Arthur, aliyekuwa mgonjwa mahututi, kwa ndege ya wagonjwa kutoka Ohio hadi Maryland, wakafunga ndoa ndani ya ndege ikiwa imesimama uwanjani, kisha akaishtaki Ohio ili jina lake liandikwe katika cheti cha kifo kama mwenzi aliyebaki hai. Hukumu yake ilitoka Juni 26, 2015, nayo pia kwa kura 5 dhidi ya 4, na marufuku za majimbo yote zikapoteza nguvu.

Ninamsifu mwandishi kwa jambo moja juu ya mengine yote: maoni ya Jaji Mkuu John Roberts, aliyekuwa upande wa walioshindwa, yamepewa nafasi karibu sawa na hukumu ya walio wengi iliyoandikwa na Jaji Anthony Kennedy. Kennedy anajenga hoja ya uhuru wa mtu na ulinzi sawa mbele ya sheria, akirejea shauri la mwaka 1967 lililofuta sheria za Virginia zilizokataza ndoa za watu wa rangi tofauti. Roberts hajibu kwa kuwadharau walioomba. Anasema kwamba mjadala ulikuwa ukiendelea miongoni mwa wananchi na mabunge yao, na kwamba majaji watano wameuchukua kutoka mikononi mwa watu. Sikununua kabrasha hili ili linithibitishie ninachokiamini nyumbani kwangu. Nililinunua ili mwanafunzi wangu aione hoja ya kila upande ikiwa na nguvu zake zote, na hapa amepata.

Kasoro ya sehemu hii ni kwamba inakoma mwaka 2015, kana kwamba kila kitu kilimalizika siku ile. Mwaka 2022 Jaji Clarence Thomas, katika shauri la utoaji mimba, aliandika kwamba hukumu kama ile ya Obergefell zinapaswa kutazamwa upya, na Desemba 13 ya mwaka huo huo Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyoifuta ile ya mwaka 1996. Sheria hiyo mpya inayalazimisha majimbo kuzitambua ndoa zilizofungwa kihalali katika majimbo mengine, lakini haiyalazimishi kutoa leseni. Marufuku za zamani bado zimo katika vitabu vya majimbo kadhaa zikiwa zimelala, huku mengine yakizifuta kwa kura, kama Nevada mwaka 2020 na California na Colorado mwaka 2024. Msomaji wa kabrasha hawezi kujua kwamba zimelala na kwamba hazijafa, na tofauti hiyo kwa mwanasheria ni kubwa.

Sehemu ya Afrika, kurasa 34, imenipa furaha na hasira kwa pamoja. Steshenari hutoa pia kipindi cha maelezo cha Jumamosi kwa kila aliyenunua, bila malipo ya ziada, katika chumba cha nyuma chenye madawati manne na feni moja. Nilihudhuria kimoja, tukiwa watu kumi na mmoja. Mwezeshaji, ambaye nilielewa kuwa ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kabrasha, aliandika mistari mitatu ubaoni bila kutaja nchi. Wa kwanza ulisema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Wa pili ulisema kila mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Wa tatu ulisema ndoa kati ya watu wa jinsia moja imepigwa marufuku. Kisha akauliza ni upi kati ya hiyo mitatu ulio marufuku. Watu walijibu haraka kwamba yote. Alikaa kimya, akasubiri, mpaka binti mmoja wa mwaka wa pili akasema, "Mwalimu, wa kwanza unatafsiri, wa pili unatoa haki yenye mpaka, wa tatu peke yake ndio unaokataza."

Ndivyo ilivyo. Wa kwanza ni wetu, na umo katika sheria ya kawaida iliyotungwa na Bunge baada ya Waraka wa Serikali Namba 1 wa mwaka 1969. Wa pili ni ibara ya 45 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Wa tatu ni ibara ya 31 ya Katiba ya Uganda kama ilivyorekebishwa mwaka 2005. Kisiasa mistari hiyo hutajwa kwa neno moja, marufuku, na kwa mtu wa kawaida matokeo yake yanafanana. Kisheria kila mmoja unaanguka au kusimama kwa njia yake. Wa kwanza Bunge linaweza kuubadili kwa wingi wa kawaida wa kura. Ya Kenya na ya Uganda haiguswi bila kuigusa katiba. Dakika ishirini za ubao ule zilinifaa kuliko kurasa zote 34, na ninashangaa kwa nini hazikuandikwa humo.

Afrika Kusini imeelezwa vizuri. Ibara ya 9 ya katiba yao inautaja mwelekeo wa kijinsia kwa jina miongoni mwa mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo, jambo ambalo ibara ya 13 ya Katiba yetu, inayotaja utaifa, kabila, rangi, dini, jinsia na mengineyo, haikulitaja. Desemba 1, 2005 Mahakama ya Katiba, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Albie Sachs, ilisema sheria ya ndoa inapingana na katiba, lakini ikalipa Bunge miezi 12 ya kurekebisha. Jaji Kate O'Regan alitaka amri ianze kazi mara moja. Bunge lilipitisha sheria mpya kwa kura 230 dhidi ya 41, na ikaanza kutumika Novemba 30, 2006, siku moja kabla muda haujaisha.

Sasa nije ukurasa wa 88. Hapo imeandikwa kwamba Mahakama ya Juu ya Kenya "iliruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2023". Hilo si kweli hata kidogo, na ni kosa lile lile ninalohangaika kuling'oa vichwani mwa wanafunzi. Hukumu ya Februari 24, 2023, iliyopita kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ilihusu haki ya kusajili asasi isiyo ya kiserikali ya kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja, yaani uhuru wa kujumuika. Haikugusa ndoa, na ibara ya 45 iko pale pale. Tena, miaka minne kabla, Mei 24, 2019, Mahakama Kuu ya Kenya ilipokataa kuvifuta vifungu vya 162 na 165 vya sheria yao ya jinai, vinavyoadhibu ngono za jinsia moja, majaji waliitumia ibara hiyo ya ndoa kama mojawapo ya sababu zao. Kabrasha lingeieleza hukumu hiyo, msomaji angeona jinsi kifungu cha ndoa kinavyofanya kazi hata katika shauri lisilo la ndoa. Badala yake limempa uvumi uliopigwa chapa.

Na sisi wenyewe? Tanzania imepewa ukurasa mmoja na nusu. Katika nafasi hiyo ndogo, kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa na kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu vimewekwa katika aya moja kama vile ni kitu kimoja. Hakuna hata mstari unaosema kwamba kimoja kinaeleza ndoa ni nini na kingine kinaadhibu tendo la ngono kinyume cha maumbile kwa kifungo kizito, kwamba vina historia tofauti, na kwamba nchi inaweza kuwa na kimoja bila kingine, kama ilivyokuwa katika majimbo mengi ya Marekani kati ya mwaka 2003, sheria za jinai za aina hiyo zilipofutwa huko, na mwaka 2015. Haikutajwa pia kwamba Sheria ya Ndoa inatumika Tanzania Bara tu.

Kilichonisikitisha zaidi ni kukosekana kwa shauri la Rebeca Gyumi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15, au 14 kwa idhini ya mahakama, vinapingana na Katiba. Ikaipa Serikali mwaka mmoja wa kurekebisha, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa. Shauri hilo halikuwa na uhusiano wowote na ndoa za jinsia moja, na sitaki mtu aniwekee maneno mdomoni. Ninalitaja kwa sababu ndilo linalomwonyesha mwanafunzi wa Kitanzania chombo kile kile alichokitumia Jaji Sachs, mahakama kulirudishia Bunge kazi yake ndani ya muda maalumu, kikiwa kimeandikwa katika Katiba yetu wenyewe, ibara ya 30, ibara ndogo ya 5. Anayefundisha mjadala huu hapa Dodoma, ambako mabasi ya wabunge hupita mbele ya dirisha la darasa, hana udhuru wa kumpeleka mwanafunzi Afrika Kusini bila kumrudisha nyumbani.

Lugha ya kabrasha kwa jumla ni safi. "Ulinzi sawa wa sheria", "maoni ya majaji walio wachache" na "kusitisha utekelezaji wa tamko" ni maneno ambayo wanafunzi wangu wameanza kuyatumia bila kujikwaa. Uchapaji ni wa wastani: wino umefifia kuanzia ukurasa wa 112, na nakala yangu ilikuwa na karatasi mbili zilizogeuzwa kichwa chini, ambazo kijana wa fotokopi alinibadilishia bila ubishi.

Kwa shilingi 16,000, pamoja na kipindi cha Jumamosi, ninalipendekeza kwa mwanafunzi wa sheria, kwa mwandishi wa habari za Bunge na kwa yeyote anayetaka kubishana juu ya jambo hili akiwa na tarehe na hoja mkononi. Aanze na Marekani, ahudhurie Jumamosi kabla ya kufungua sehemu ya Afrika, na ukurasa wa Tanzania auache mpaka utakapoandikwa upya.

Nilirudi na orodha yangu ya makosa, nikaikabidhi kwa mama mwenye steshenari. Aliisoma yote akiwa amesimama, akauliza swali moja kuhusu ibara ya 45, akamwita mwezeshaji kwa simu nikiwa bado pale. Nilipopita juma lililofuata, nakala zilizokuwa juu ya kaunta, majalada yakitazama juu, zilikuwa na kipande cha karatasi ya masahihisho kilichobandikwa kwa gundi kwenye ukurasa wa 88. Ukurasa wa Tanzania ulikuwa haujaguswa. Nimewaachia nakala ya hukumu ya Gyumi waitolee fotokopi.